Kabla ya flopu niko freshi, ikifunguliwa tu napotea, nifanyeje?

Swali la msomaji wa Dar kuhusu poka, nimelifupisha kidogo (flopu ni karata tatu za kwanza kufunguliwa mezani, teni ni ya nne, riva ni ya tano na ya mwisho):

"Shikamoo kaka. Nacheza Texas Hold'em kwenye kazino moja hapa mjini, blaindi (hela za lazima za watu wawili kabla ya karata) 1,000 na 2,000, huwa nakaa na laki mbili. Kabla ya flopu sina shida, chati za mikono nimezikariri. Shida inaanza flopu ikifunguliwa, nikikosa natupa, nikipata pea ya juu naenda nayo mpaka mwisho na mara nyingi naliwa staki nzima, chipu zangu zote. Juzi niko batani (kiti kinachocheza mwisho baada ya flopu) na Esi ya uru na Kwini ya pau, wawili wakaingia kwa 2,000, nikapandisha 10,000, blaindi wakatupa, wale wawili wakalipa. Flopu Kwini ya shupaza, 8 ya shupaza, 5 ya uru. Wakagonga meza, yaani wakapita bila kubeti, nikabeti 10,000, wote wakalipa. Teni ikaja 2 ya pau, wakagonga tena, nikabeti 20,000, mzee mmoja mkimya akapandisha mpaka 60,000, mwingine akatupa, mimi nikalipa. Riva Jeki ya kopa, mzee akasukuma 120,000, nikalipa, akafungua 5-5. Kila mtu ananiambia 'soma watu' ila mimi nikiwaangalia naona nyuso tu. Nifanye nini?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na huo mkono, maana nusu ya jibu lako imo humo humo.

Flopu kwanza. Poti, hela zote za katikati ya meza, lilikuwa na 33,000, yaani elfu kumi kumi za watu watatu na 3,000 za blaindi waliotupa. Ukabeti 10,000. Sasa jiulize uliwauzia wale wawili bei gani. Mtu anayesubiri flashi (karata tano za aina moja, kama shupaza tupu) ana karata 9 za kumsaidia kati ya 47 asizoziona, kwa hiyo nafasi yake ya kuipata pale pale kwenye teni ni asilimia 19. Na wewe umemwambia alipe 10,000 kwenye poti ambalo akishalipa linakuwa 53,000, nayo hiyo ni asilimia 19 vile vile. Yaani umempa bei sawa kabisa na bahati yake bila kuhesabu kwamba akiipata atakukamua na zaidi, na wa pili anayelipa nyuma yake anapata bei nzuri kuliko hiyo. Una pea ya juu na kika (karata ya pembeni) kubwa kuliko zote, meza ina shupaza mbili, watu wawili wamelipa kabla ya flopu na ni wazi wanapenda kuona karata, hapo beti 20,000 au 22,000. Kwa 22,000 anayefukuzia flashi analazimika kuwa na kama asilimia 29, hana, na mwenye Kwini-Jeki au Kwini-10 atalipa tu kwa sababu watu wa meza za blaindi ndogo hawatupi pea ya juu. Wewe mwenyewe ni shahidi.

Lakini hapo sijakuokoa na 5-5, mzee angelipa hiyo 22,000 pia. Sehemu iliyokula hela yako ni teni.

Alipopandisha 60,000 ulikuwa unadaiwa 40,000 zaidi, na poti ukishalipa linafika 183,000. Nadhani ulijiambia nahitaji asilimia 22 tu, nalipa. Wengi wanaishia hapo. Ila mzee alikuwa bado na 120,000 mbele yake na wewe unazo 120,000, na mtu anayepandisha teni kwa watu wawili haachi kubeti riva, kwa hiyo bei ya ule uamuzi siyo 40,000, ni 160,000 kwenye poti litakalofika 423,000. Hiyo ni karibu asilimia 38. Ukilipa teni bila kujua utafanya nini riva umeshanunua nusu ya kitu, na riva utalipa kwa uchungu wa ulichokwisha kuweka, siyo kwa sababu ya karata.

Sasa hesabu anazo nini. Mzee aliingia kwa kulipa tu, akalipa pale ulipopandisha, kwa hiyo renji yake, karata zote anazoweza kuwa nazo, ni pea ndogo ndogo, karata mbili za aina moja, vitu kama Kingi-Kwini, Kwini-Jeki, 10-9. Seti (pea mkononi na ya tatu mezani, kama 5-5 za mzee) zinazowezekana pale teni ni 8-8, 5-5 na 2-2, kila moja ina njia 3 za kupatikana, jumla 9. Kwini-Kingi ina njia 8 maana Kwini zimebaki mbili na Kingi nne. Kwenye karatasi zinakaribiana na mtu anaweza kusema ah, nusu kwa nusu. Ila swali siyo anaweza kuwa na nini, swali ni kipi kati ya hivyo ANGEPANDISHA nacho. Mzee mkimya mwenye Kwini-Kingi pale analipa tu 20,000 zako na kuomba Mungu, hapandishi. Mwenye flashi ya kusubiri pia analipa, amezoea kulipa. Ukizitoa zote hizo zinabaki seti na pea mbili chache kama Kwini-8, na Esi-Kwini yako inazipiga sifuri kati ya hizo. Hapo ni kutupa, na unatupa teni, siyo riva. Na ile Jeki ya riva ambayo nahisi uliiona karata ya bure haikuwa ya bure, imempa mwenye 10-9 streti (karata tano zinazofuatana) na imempa Kwini-Jeki pea mbili, kwa hiyo hata zile chache ulizokuwa unazipiga baadhi zimekupita.

Ona basi: hesabu yote hiyo imesimama kwenye sentensi moja tu, "mzee mkimya hapandishi bila kitu". Hiyo sentensi ulitakiwa uwe nayo KABLA ya ule mkono. Ndiyo maana kucheza baada ya flopu na kuangalia watu kwangu ni somo moja. Kabla ya flopu chati inatosha kwa sababu hali ni chache na zinajirudia. Baada ya flopu namba zinakupa bei tu, lakini nani atalipa na nani akipandisha anamaanisha hicho hazikuambii, hiyo unaipata kwa macho.

Tatizo lako la "naona nyuso tu" linatokana na kuangalia mahali pasipo na kitu. Kuna utafiti wa mwaka 2013 wa Michael Slepian na wenzake huko Marekani, waliwaonyesha watu vipande vya video za wachezaji wa mashindano makubwa ya poka wakiweka chipu, wengine wakaonyeshwa nyuso peke yake, wengine mikono peke yake. Walioangalia mikono wakakisia ubora wa karata vizuri kuliko kubahatisha, walioangalia nyuso wakafanya vibaya hata kuliko kubahatisha. Uso mtu mzima ameshajifunza kuudanganyia tangu utotoni. Mkono unaosukuma chipu hana habari nao, ukienda laini bila kusita au ukisitasita ndiyo habari yenyewe. Usiufanye msahafu lakini, zilikuwa video za wataalamu na wewe uko na watu wa wikiendi, ila mwelekeo ni huo: shusha macho.

Na kabla hata ya mikono kuna kitu chenye faida mara kumi, nacho ni karata zinapofunguliwa mwisho wa mkono. Mangi wa dukani kwenu anajua nani amkopeshe unga na nani amwambie umeisha, hakusoma sura ya mtu, anakumbuka mwezi uliopita nani alilipa na nani alizunguka mtaa wa nyuma. Fanya hivyo hivyo. Mtu akifungua karata zake wengi mezani wanaangalia nani kashinda halafu wanarudi kwenye simu. Wewe rudi nyuma taratibu: huyu amefungua 8-7 za kopa, aliingia nazo kutoka kiti gani, flopu alipokuwa na flashi ya kusubiri alifanya nini, alibeti au alilipa, kiasi gani kulinganisha na poti, flashi ilipokamilika alibeti kubwa au ndogo. Mkono mmoja ukiurudia hivyo unajua mambo matatu manne ya mtu huyo, na unaufanya ukiwa umetupa karata zako, bure, haikugharimu hata shilingi. Kwenye meza ya watu tisa mchezaji mzuri anatupa mikono mingi kuliko anayocheza, ule muda wote ndiyo darasa, na kila jumamosi naona watu wanautumia kuangalia mpira kwenye tivii.

Usijaribu kuwasoma wote nane. Chagua wawili, wale unaokutana nao kwenye poti mara nyingi, kwa kawaida ni yule anayeingia kila mkono na yule aliyekaa kushoto kwako. Nusu saa ya kwanza tafuta majibu ya maswali mepesi tu: anaingia mikono mingi au michache, akiingia analipa au anapandisha, akipandishiwa anatupa au anang'ang'ania. Hayo matatu yanakupa picha. Baada ya hapo ndiyo uangalie saizi za beti, maana meza za chini watu wengi wana saizi ya nguvu na saizi ya woga na hawajui kama wanazo. Utamkuta mtu akiwa na pea ya kati anabeti 5,000 kwenye poti la 30,000 ili asibetiwe kubwa, akiwa na seti anabeti 25,000. Ukishaiona hiyo mara mbili imefunguliwa, mtu huyo anacheza karata wazi.

Kingine kidogo ila kina hela: flopu inapofunguliwa usiangalie flopu. Haiendi popote, utaiona baada ya sekunde mbili. Waangalie watu wanavyoiangalia. Anayeitazama muda mrefu mara nyingi anatafuta kitu asichokiona, anayeitazama mara moja na macho yakaenda kwenye chipu zake, huyo imempenda. Vilevile kabla hujacheza zamu yako kabla ya flopu tupia jicho kushoto, kuna watu wameshashika karata zao tayari kuzirusha, ukijua wawili nyuma yako wanatupa ni kama umehamia batani bila kulipia.

Kuhusu maigizo, kanuni ya zamani inafanya kazi bado: anayehema, kutikisa kichwa na kusema "aah basi tu" halafu akaweka hela nyingi, tupa haraka. Anayekukazia macho na kurusha chipu kwa fujo mara nyingi anaomba usilipe. Muda nao unasema, anayelipa haraka haraka bila kufikiri hakuwaza kupandisha kabisa, basi ana kitu cha kati au anasubiri karata, seti ingemfanya atulie kidogo ajiulize napandisha sasa au nasubiri. Ila kila ishara umpime mtu na yeye mwenyewe. Kuna anayetetemeka mikono kila mkono, huyo kutetemeka kwake si habari. Aliyekuwa mtulivu saa mbili nzima halafu riva hii mkono unatetemeka akiweka chipu, hiyo ni habari, na wengi hapa wanakosea wanadhani ni woga wa blafu (kubeti bila karata), kumbe mara nyingi ni msisimko wa karata kubwa.

Na naomba hili niliseme mara moja: usimsome mtu kwa asili yake. Dar meza moja unaweza kukuta Mhindi, Mchina, Mlebanoni, Mchaga na Mzungu wa mradi, na utasikia watu wanasema "Wachina wote wanablafu". Wanaosema hivyo ndio wanaowalipa Wachina. Angalia chipu za mtu, basi.

Turudi kwenye "nikikosa natupa", maana hapo nako unavuja, ila taratibu, ndiyo maana haikuumi. Mtu mwenye karata mbili zisizo pea anagusa flopu kwa pea au zaidi kama asilimia 32 tu. Kwa hiyo wewe umekosa, na yeye pia mara nyingi amekosa. Ukiwa umepandisha wewe, umebaki na mtu mmoja, unacheza baada yake, na flopu ni kavu kama Kingi-7-2 za aina tatu tofauti, poti lina 12,000, beti 4,000. Hiyo inahitaji ifanikiwe robo tu ya mara zote ujilipe, na mtu wa kawaida pale anatupa zaidi ya robo. Akilipa, tulia, umempa nafasi ya kusema ana kitu na amesema. Lakini hii usiifanye kwa watu watatu, wala kwenye flopu kama 9-8-7 zenye shupaza mbili, wala kwa yule anayelipa kila kitu. Kwa huyo anayelipa kila kitu hakuna blafu milele, kwake unasubiri pea nzuri halafu unabeti kubwa kuliko unavyoona aibu, robo tatu ya poti, poti zima, atalipa, na riva pia atalipa. Pesa nyingi za meza za chini zinatoka hapo, siyo kwenye blafu za kwenye video.

Pea ya juu basi unaipimaje? Angalia staki kulinganisha na poti flopu inapofunguliwa. Wewe ulikuwa umebaki na 190,000, poti 33,000, karibu mara sita. Ikiwa mara tatu au chini, pea ya juu yenye kika nzuri unaweza kwenda nayo mpaka mwisho bila kujilaumu. Ikiwa mara sita au kumi, pea ya juu ni ya poti la kati, beti mbili hivi za kuomba alipe mwenye karata mbaya kuliko wewe, na ukipandishiwa teni au riva na mtu mpole, umeshapigwa, tupa. Kupandishiwa teni na riva kwenye meza hizi ndiyo tangazo la ukweli zaidi utakalopewa usiku mzima.

Najua utaniuliza, sasa si watanionea, wakijua natupa watablafu? Kuna mkono maarufu wa hilo. Fainali ya WSOP, mashindano ya dunia ya poka, mwaka 2003, Las Vegas, wamebaki wawili, Sammy Farha mcheza poka wa kazi na Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyefika pale kupitia shindano la mtandaoni la dola 86. Meza 9, 2, 6, 8, 3, shupaza tatu. Farha ana Kwini-9, pea ya juu. Moneymaker ana Kingi-7, alikuwa anasubiri flashi na streti, vyote vimekosa. Teni alishapandisha, riva akasukuma zote. Farha akamwambia kwa mdomo kwamba nahisi flashi yako imekosa. Alikuwa amempata kabisa. Halafu akafikiri, akatupa. Baadaye Moneymaker akashinda shindano lenyewe, akaondoka na dola milioni 2.5.

Watu wanautumia mkono ule kusema usitupe. Mimi naona tofauti. Farha alikuwa na vitu viwili mkononi, picha ya jumla kwamba mtu asiyejulikana haweki maisha yake yote pale bila kitu, na picha ya mtu huyu mmoja aliye mbele yake, na akafuata ya jumla. Kanuni yangu ya "mpole akipandisha tupa" ni picha ya jumla vile vile, ni ya kuanzia. Siku ukiona mzee fulani amepandisha teni halafu akafungua flashi iliyokosa, kanuni imekufa kwa mtu huyo na unaiandika upya. Bila kuona hivyo, usimtungie hadithi ya blafu kwa sababu tu pea yako inapendeza. Akina Moneymaker kwenye blaindi za 1,000 na 2,000 ni wachache sana aisee.

Mazoezi ya katikati ya wiki: chukua karata zako nyumbani, fungua flopu, jipe mkono, halafu sema kwa sauti mtu aliyelipa kabla ya flopu ana nini kinachompenda hapa, karata gani za teni ni mbaya kwangu, nikipandishiwa natupa au naendelea. Sema kabla ya kufungua teni. Karata za kukusaidia zihesabu haraka, zidisha kwa 2 upate asilimia kwa karata moja inayokuja, kwa 4 kama unaona zote mbili, inakaribia ukweli vya kutosha. Zile programu za kukokotoa mkakati kamili ziache kwanza, zinafikiria mpinzani asiyekosea, na wewe hela yako inatoka kwa wanaokosea kila wiki kosa lile lile. Mezani andika kwenye simu ukiwa huna karata tu, maneno matano yanatosha, "kofia nyekundu, beti ndogo = pea ya kati".

Na saa za kukaa. Macho yanachoka kabla ya mwili, ukijikuta mkono uliofunguliwa dakika mbili zilizopita hukumbuki ulikuwa na nini, badilisha chipu uondoke hata kama uko juu, na hiyo laki mbili iwe ambayo ikipotea kodi ya nyumba haiguswi.

Ukiniandikia mkono mwingine taja na staki za wote, kwenye huu yule wa tatu hukusema alikuwa na ngapi, na angekuwa na 40,000 tu mbele yake ushauri wangu wa flopu ungebadilika kidogo.